Dada Tusa, Spika Inaunguruma na Mtoto Anakuja Jumamosi

Mpendwa dada yangu Tusajigwe,

Ugonile, dada. Nakuamkia kwa lugha ya kwetu Tukuyu kwa sababu hapa Kihesa hakuna anayeniitikia vizuri. Najua umelala pale makaburini, hata robo saa ya mwendo haifiki, ningeweza kuja nikasema kwa mdomo. Lakini nikifungua mdomo naongeza maneno, unanijua. Kwenye karatasi mkono unachoka haraka. Darasa la nne halikunipa mwandiko wa kujivunia.

Dada, nimekwama. Mimi Anyosisye, niliyeifufua redio ya bwana shamba kwa kijiko na uzi wa kushonea, nimekwama.

Neema wako ana miaka kumi sasa. Anakaa na baba yake Rujewa, kwenye mpunga, na shule zikifunga huja kwangu. Likizo iliyopita alinikuta nachomelea waya, akasimama mlangoni akauliza, "Mjomba, mama alikuwa na sauti gani? Nene au nyembamba?"

Ningejibu nyembamba, yakaisha. Lakini mimi nikamwambia, "Mama yako nilimrekodi kwa mikono yangu hii. Aliongea nusu saa nzima, akaimba na nyimbo mbili, ndege wakatua dirishani kumsikiliza."

"Kweli, mjomba?"

"Umewahi kunisikia nikidanganya?"

Mke wangu, mama Lugano, alikuwa anachambua mchele. Akakohoa kikohozi kirefu sana. Mtoto hakukisikia. Akasema, "Basi nikirudi likizo ijayo utanisikilizisha." Nikaapa, dada. Nikaapa kwa kaburi lako.

Na tepu ipo kweli. Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa nafunga nyaya za umeme kwa padri wa misheni, nikaazima mashine yake ya kurekodi, ile ya magurudumu mawili. Ulikuwa umekonda, kifua kinakusumbua, Neema bado ananyonya, hajaota hata jino. Wewe mwenyewe uliniambia, "Anyo, lete hiyo mashine yako nyumbani." Nikaja nayo nimeibeba kichwani, watu wa Kihesa wakanifuata nyuma kama nimebeba mfalme. Baada ya wiki moja padri akahama na mashine yake. Baada ya wiki tatu ukahama na wewe. Tepu nikaifungia kwenye kopo la biskuti. Mashine ya kuichezea sikuwa nayo, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa naihadithia tu, na kila nilipoihadithia uliongea zaidi kidogo. Zile nyimbo mbili ziliongezeka kwenye msiba wa shangazi, nadhani.

Mwaka huu mwalimu mmoja anayehamishwa ameniachia mashine yake mbovu. Nimeitengeneza, inazunguka, ila spika yake ya ndani imekufa. Nikasema hiyo si shida, mimi ninayo spika. Hukuwahi kuiona spika yangu, dada. Sanduku la mbao ya mninga, refu kunifikia kifuani, ndani yake spika pana kama sinia, iliyotupwa na bendi moja ya dansi. Nilipoiwasha mara ya kwanza majirani Wahehe walitoka nje wakauliza treni imefika Iringa lini. Kuku wa mama Lugano walihamia kwa jirani siku tatu. Hapo siongezi. Labda siku moja tu ndiyo nimeiongeza.

Basi nikaunganisha tepu yako. Kilichotoka ni "muuuuu". Kama ng'ombe wa Usangu aliyekwama kwenye tope. Mbali, nyuma ya muungurumo, kuna mtu anaongea, lakini hata neno moja halishikiki.

Nikageuza plagi. Muuu. Nikafunga waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, nikachimbia chuma uani. Udongo wa kiangazi mkavu kama bati, na umeme haupiti pakavu, kwa hiyo lazima uunyweshe maji ya chumvi. Nikachukua chumvi jikoni. Mama Lugano akatoka na mwiko.

"Baba Lugano! Chumvi nimeipangia foleni tangu alfajiri, wewe unainywesha ardhi?"

"Ni kazi ya kitaalamu, mama."

"Basi leo utakula huo utaalamu na ugali."

Nikala ugali na mboga chapwa. Na spika bado muuu.

Nikapanda basi hadi Mbeya kutafuta kondensa, kile kidude cha kuchuja muungurumo, maana madukani hapa tangu vita hakuna kitu, rafu zinatazamana. Nikampata fundi mmoja mzee karibu na soko, miwani yake imefungwa kwa kamba. Nikamweleza spika yangu, upana wake, habari ya treni, habari ya kuku. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Una spika nyingine? Ndogo?"

"Ndogo ya nini, mzee?"

"Muungurumo ni sauti nzito, unapenda spika kubwa. Sauti ya mtu haihitaji ukubwa huo. Toa hiyo kubwa, weka ndogo, msikilize mtu wako."

Nilikasirika, dada. Niitoe spika yangu? Nikachukua kondensa yangu nikarudi Iringa maili zote zile nimenuna.

Jana nimeifunga. Nikawasha bila tepu: kimya, kimya kitamu, nikampigia mama Lugano saluti. Nikaweka tepu: muuu. Nikatoa: kimya. Nikaweka: muuu. Ndipo nikakaa chini sakafuni. Muungurumo ulikuwa ndani ya tepu yenyewe, tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeulaza waya wa maikrofoni juu ya waya wa umeme, fundi mkubwa wa Kihesa.

Leo mchana nikafungua nyaya za spika kubwa, nikaunga kijispika cha redio ya mkulima, kipana kama kiganja. Muungurumo ukanywea. Sauti ikatoka safi, nyembamba, karibu kabisa.

Ni sauti yangu, dada.

"Halo, halo, moja mbili tatu. Dada, hii inaitwa maikrofoni. Ukikohoa hapa Ulaya wanasikia." Naendelea. Naeleza magurudumu. Naeleza jinsi padri anavyonitegemea. Naeleza habari ya simba wa barabara ya Chunya, ambaye wewe unajua alikuwa mbwa. Wewe unasema "enhe". Unasema "ee". Unacheka mara moja, halafu unakohoa. Neema analia, unamwambia "nyamaza mama". Kisha, tepu ikikaribia mwisho, unasema polepole, "Anyo, nipe hicho nikisemee. Nataka kumwambia mtoto neno moja."

Na mimi nasema, "Subiri dada, nimalizie hii."

Namalizia hiyo. Tepu inaisha.

Nimeichezesha mara saba. Kila mara nafika pale namwambia yule mpumbavu mpe, mpe maikrofoni, na kila mara hampi. Mama Lugano alikuja akasimama nyuma yangu, akasikia yote, hakukohoa. Alisema tu, "Baba Lugano, mtoto anakuja Jumamosi." Kwa upole, kama anaongea na mgonjwa.

Nimewaza kumwambia Neema tepu imeliwa na panya. Ninaweza kuisimulia vizuri, na rangi ya panya nikaitaja. Nimewaza kumwambia mimi mwenyewe neno ulilotaka kumwambia. Maneno yapo mengi, mtoto angeyaamini yote, angeyabeba mpaka uzee. Hilo ndilo linalonitisha, dada. Peni ninayo mkononi na neno lako sinalo.

Jumamosi basi la Rujewa litashusha watu saa nane. Nitamsikilizisha. Atakusikia ukicheka, atakusikia ukimwambia anyamaze, atajua ni nyembamba. Kisha atafika pale mwisho, atanigeukia aniulize, na huyu mjomba mwenye majibu yote hatakuwa na hilo moja. Wiki zile zote baada ya siku ile nilikuja kukaa kitandani kwako, dada, na kila siku niliongea mimi. Ulitaka kumwambia nini?

Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Nisamehe.

Mimi mdogo wako,
mjomba wa Neema