Mwezi wa Chait Usikukute Peke Yako

Mtaa wa Mabatini,
S.L.P. 4417,
Mwanza.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Getruda,

Marahaba. Najua shikamoo yako bado iko njiani, lakini naiitikia mapema, maana posta yenu na yetu zikishirikiana mtu anaweza kuzeeka akisubiri kuamkiwa. Hujambo? Shemeji Harish hajambo? Na Hema wangu bado anakohoa, au ile baridi imemwachia? Mama mkwe wako magoti yanamsumbuaje na hiyo milima yenu? Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, na macho yanagoma kutunga uzi kwenye sindano ikishafika saa kumi, lakini kazi inaenda. Nashona sare za shule mpaka naota kola.

Barua yako ilifika Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu. Nimeisoma mara nne. Ungepiga simu ungesema yote kwa dakika sita, kisha mtandao wa huko milimani India ungekatika, nami ningebaki nimeshika simu katikati ya nyumba. Barua hainikatikii. Usiache kuandika.

Mvua zimewahi mwaka huu. Juzi maji yalishuka toka kule juu kwenye mawe, yakaingia uani kwa Mboni, jirani yetu wa mkono wa kulia, na kuku wake wakahamia kwangu. Sikuwafukuza. Nyumba ina nafasi.

Niseme kweli, ina nafasi kupita kiasi. Tangu kaka yetu Yakobo atutoke mwezi wa saba, bado sijajua kupika ugali wa mtu mmoja. Napima unga kwa mkono uleule, nasonga, na nikishaepua ndipo nakumbuka. Kinachobaki wanakula hao kuku. Redio yake naiwasha saa saba mchana wakati wa taarifa ya habari. Unamjua alivyokuwa, hakuna habari iliyosomwa asiibishie. Sasa inasema peke yake na hakuna wa kuipinga. Nina upweke, Getruda. Nakuandikia hivyohivyo bila kuzunguka, ili usije ukasikia kwa watu.

Umenichekesha na watoto wenu wa mwezi wa kwanza, wanaovaa mashada ya maandazi shingoni na kuamka alfajiri kuwaita kunguru waje wale. Hapa Mabatini kunguru haitwi. Anakuja mwenyewe, anachukua andazi mkononi mwa mtoto, na mtoto ndiye anayeita. Hema akija huku asithubutu kutoka nje na shada hilo.

Lakini habari ya sikukuu ya Nanda, mungu wa kike wa huko, ile ambayo mwezi wa tisa hukuwa na moyo wa kuiandika kwa sababu ya msiba, hiyo haikunichekesha. Unasema watu wanakwenda kwenye migomba jioni, wanaitupia punje za mchele, na mgomba utakaotikisika wa kwanza ndio umekubali. Kesho yake wanaukata, wanauleta mjini kwa ngoma, na shina lile linachorwa uso na kuvishwa nguo mpaka linakuwa Nanda mwenyewe. Mji unajaa. Wauza bangili, wauza peremende, bembea za watoto, watu wanacheza duara wameshikana mabega. Halafu siku ya mwisho anabebwa kwenye machela kwenda kwenye maji, kwa sababu Nanda ni binti wa hapo aliyeolewa mbali, juu kwenye barafu, na siku zake za kukaa kwao zimekwisha. Unasema wanawake wanalia kweli, si kwa kuigiza, na kwamba wewe ulilia kuliko wenyeji mpaka mama mkwe wako akakushika mkono.

Migomba nimekua nayo. Nimeikata, nimewapa ng'ombe, nimefungia vitu kwa majani yake. Sikujua kama mgomba unaweza kuwa mtoto wa mtu anayerudishwa kwa mumewe. Nikakumbuka siku tuliyokusindikiza uwanja wa ndege, wewe na Harish na lile sanduku la bluu, Yakobo akijifanya anakagua kamba za mzigo ili tusimwone uso. Ulisema mama yake Harish akipata nafuu mtarudi, na Harish atarudi kwenye mashine zake kule kiwandani Nyakato. Sasa ni miaka kumi na miwili. Sikulaumu, mama wa mtu haachwi. Nasema tu kwamba nimeihesabu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelikwepa vya kutosha.

Ulipotueleza mara ya kwanza habari ya mwezi wa Chait, huo wenu unaoanza katikati ya Machi, kwamba kaka humfuata dada yake aliyeolewa akiwa amembebea zawadi ya kwao, na dada huigawa kwa majirani ili wajue ana watu nyuma yake, Yakobo hakuuliza swali hata moja. Alikwenda mwaloni Kirumba akanunua dagaa, tena wale weupe waliokaushwa vizuri, wa kutosha kijiji kizima, akatuma. Sisi tulijua zawadi ya kwetu ni nini kama si dagaa. Nawe ukafungua mzigo mbele ya wanawake wote wa ukoo wa Harish, watu wasiogusa hata yai, na harufu ikakutangulia. Mzigo ukahamishiwa bandani, na ukatuandikia kwamba hata ng'ombe waligeuza nyuso. Yakobo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona aibu. Toka hapo ikawa kitenge, karanga za Sengerema na sukari guru, kila mwaka bila kukosa.

Lakini mzigo si kaka. Uliwahi kuniambia mimi peke yangu, na yeye sikumwambia, kwamba wenzako hupokea karanga zako kwa heshima, kisha huuliza mwenyewe atafika lini. Yeye kila mwaka alisema mwakani. Pasipoti aliichukua mwaka juzi. Ninayo hapa, haijapigwa muhuri hata mmoja.

Na sasa umeandika kwamba mwaka huu tusitume kitu. Umemwambia mama mkwe wako asikuhesabu tena kwenye Chait, kwa kuwa asiye na kaka hana wa kumtazamia njiani. Siku ambazo wenzako watapokea wageni, wewe utapanda mlimani kukata majani ya ng'ombe, usione wala usionekane. Uliandika mistari mitatu tu, ukarudi kwenye habari za viazi. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kukaa uani.

Nikaona niulize wenye dini yao. Unamkumbuka Mama Jyoti, ninayenunua kwake vitambaa vya sare. Akaniambia, "Tereza, hiyo mambo ya watu ya milimani. Sisi Wagujarati tuna siku ya kufunga uzi kwa kaka, hiyo ingine hatuna." Nikamuuliza, je, dada akienda badala ya kaka? Akapima kitambaa mpaka mwisho ndipo akajibu, "Dada ataenda kutembea tu, mama. Ya kaka ni ya kaka." Nikachukua mzigo wangu nikarudi nimenuna.

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, siku hiyohiyo, mtoto wa binamu yetu Selina akapita barabarani akaniita, "Shikamoo mjomba." Nikaitika marahaba kama ninavyoitika siku zote. Kisha mguu ukasimama kwenye pedali.

Kuna jambo sikukuandikia. Wazee wa ukoo walipokuja toka Sengerema kuanua matanga, walifika mahali pa kumtaja mrithi wa Yakobo, wa kusimama mahali pake. Wakatazamana. Yakobo hakuacha mtoto, baba hakuwa na mwana mwingine wa kiume, na wanaume wa upande wetu waliobaki unawajua, hakuna anayejua hata wanaishi wapi. Walinong'ona sana. Mwishowe mzee Ndalahwa, binamu yake baba, akainuka, akachukua koti la Yakobo akanivika mimi, na fimbo akanishikisha. Akasema, "Kuanzia leo Yakobo ndiye huyu. Mwenye shida na Yakobo aje kwake." Wengine waliguna, lakini hakuna aliyesimama kupinga, na chakula kikaliwa. Tangu hapo watoto wa Selina wananiita mjomba. Sikukuandikia kwa sababu niliona ni kichekesho, mwanamke wa miaka sitini na mbili ndani ya koti linalomfika magotini. Na pia iliniuma. Mtu mzima akiniita Yakobo, mpaka leo nageuka nyuma kumtafuta.

Sasa Getruda, kama walinifanya Yakobo mbele ya watu, hawakunifanya Yakobo wa kusaini karatasi za kiwanja tu. Shida uliyonayo wewe kwa Yakobo ni Chait. Kwa hiyo nakuja.

Pasipoti yangu nimeichukua Jumatano. Mwambie Harish anitumie barua ya mwaliko upesi, kwa simu aipige picha, tusiiamini posta. Kwenye nafasi ya uhusiano aandike dada, maana serikali haijui mambo yetu na sitaki kubishana na mtu wa dirishani. Lakini kwa mama mkwe wako nakuomba uende wewe mwenyewe, ukae naye, umweleze yote kwa lugha yao kabla sijafika. Mweleze koti, mweleze maneno ya mzee Ndalahwa. Akisema haiwezekani, niambie ukweli. Nitakuja mwezi mwingine kama mgeni wa kawaida, na sitanuna sana.

Naogopa, sikufichi. Sijawahi kupanda ndege, na ndege si kitu. Naogopa kusimama mlangoni kwa watu, wanawake wote wa kijiji wakinitazama, halafu wacheke. Tulishakuaibisha kwa dagaa. Sitaki kuwa aibu yako ya pili.

Na usidhani nafanya hivi kwa ajili yako tu. Wewe unasema huna wa kumtazamia njiani. Mimi hakuna mlango wowote duniani ambao mtu amesimama akitazama kama nitatokea. Nikitoka hapa asubuhi nikarudi jioni, anayejua ni kuku wa Mboni. Uliwahi kuandika kwamba huko kwenu kaka akionekana kwenye kona ya chini ya kijiji, dada hutoka mbio huku analia, na kila mtu humwacha alie. Nataka mtu mmoja anikimbilie hivyo kabla sijafa. Kama hutakimbia kwa sababu ya magogo ya kuni mgongoni, nitasubiri uyatue.

Niandikie nilete nini, uanze na vile vilivyokatazwa, ili nisikosee.

Nisalimie sana shemeji Harish, na umwambie Nyakato bado wanamuulizia. Mpe mama mkwe wako heshima zangu, uniombee kwake kama unavyojua wewe. Hema mbusu mashavu yote mawili. Mboni anakusalimu, mzee Ndalahwa anakusalimu kwa fimbo juu, Selina na wanawe pia, na Mama Jyoti anasema amekumiss ingawa ulikuwa unampunguzisha bei mno. Mungu aliyekulinda kwenye hiyo baridi miaka yote akulinde na mwezi huu unaokuja, akupe usingizi, na nguo zako ziwahi kukauka.

Mimi nikupendaye tangu ulipokuwa unalala mgongoni mwangu,

Kaka yako,

Tereza