Tundu la Pili

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta cherehani au umejinyoosha na miguu juu ya stuli, lakini popote itakapokukuta, naomba uwe mzima. Shemeji hajambo? Na wanangu je? Yule kitindamimba bado anakula chaki? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo haujapungua kasi hata kidogo.

Habari kubwa ni kwamba lile kovu la sikioni halipo tena. Najua hapa umeiweka barua chini kwanza. Ichukue, nikueleze taratibu.

Nilikwenda kliniki ya ngozi, ile ya ghorofani juu ya duka la miwani. Mapokezi wamebandika orodha ya wanayotibu: chunusi, mba, madoa, sunzua, vipele vya ndevu, mpaka kulainisha makunyanzi. Nilikaa karibu na babu mmoja mwenye suti. Aliniambia anaoa mwezi ujao na amekuja kupunguza miaka kumi usoni. Nikamuuliza bibi harusi ana miaka mingapi. Akasema sabini na moja, ila ana macho makali sana. Nilicheka mpaka mhudumu akanitazama.

Daktari ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alilibinya kovu kwa vidole viwili akasema hiyo ni keloidi, ngozi iliyosahau kuacha kujitibu. Kwa miezi mitatu alinichoma sindano ndani ya kovu lenyewe, mara moja kila mwezi. Dada, ile sindano! Nilimtaja marehemu bibi, mzaa mama, kwa majina yake yote. Lakini likalainika, likasinyaa, na safari ya nne akanipiga ganzi akalikata na kunishona nyuzi tano. Sasa navaa kibanio sikioni kama hereni ya plastiki, lisije likarudi.

Siku ya kutoa nyuzi aliniuliza lilianzaje. Nikampa jibu langu la miaka yote, kwamba dada yangu alinitoboa nyumbani kwa sindano ya kushonea. Akavuta taa, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akauliza, "Mbona matundu ni mawili?" Akanieleza kwamba la juu lilipona vizuri kabisa, na aliyelitoboa alikuwa na mkono mtulivu. Kovu liliota kwenye la chini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nawe pale barazani. Nilikuona umevaa shati jeupe la baba nyuma mbele, kofia ya karatasi kichwani, umetupanga foleni na kutugawia vidonge vya unga wa ngano. Mimi nilikuwa mgonjwa namba tatu kila siku, na kila siku uliniuliza ninaumwa wapi kana kwamba hatujawahi kuonana. Mtaa mzima ulikuita Nesi, hata muuza mkaa. Nikakumbuka na siku ya sikio, umeshamaliza shule, unasubiri chuo. Ulichemsha sindano, ukanawa mpaka viwikoni, ukaniambia nihesabu nondo za dirisha. Nilifika ya sita, ukasema tayari. Sikulia. Ukanifunga kauzi keusi, ukanionya nisikaguse.

Nilikagusa, dada.

Wiki ya pili nilimwona mtoto wa jirani na hereni za duara, nami nikazitaka siku hiyohiyo. Nikauvuta uzi ukatoka, nikajaribu hereni ya mama, ikagoma kuingia. Nikachukua pini ya kilemba cha mama, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikajichoma mwenyewe, chini ya pale ulipotoboa wewe. Pini ilikuwa na kutu. Sikio lilipovimba na kutoa usaha, mama aliuliza nani amefanya hivi. Nikasema, "Dada."

Nilikuwa na miaka tisa, nilijua ninachosema. Ulipigwa kandambili mbele yangu, mtu mzima wa miaka kumi na saba. Baba akafungua droo, akatoa fomu zako za chuo cha uuguzi, akasema aliyeozesha sikio la mdogo wake hatapewa miili ya watu. Akazichana mara mbili. Ulinitazama wewe, mimi nikatazama miguu yangu. Na uliamini kwamba ni mkono wako! Hilo ndilo linalonimaliza. Miaka ishirini na sita kila ukija unanishika sikio kabla ya kunisalimia, na kila barua yako inauliza linawasha au haliwashi.

Baba hayupo nimwambie. Mama nilimwambia Jumamosi, akichagua mchele. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akaweka ungo chini, akasema, "Kumbe mtoto wangu nilimpiga bure," kisha hakuugusa tena ule mchele mpaka jua likahama uani.

Jana aliomba kalamu. Nikamwambia atamke tu nimwandikie, unajua mwandiko wake ulivyo wa shida. Akakataa, akanitoa chumbani na kufunga mlango. Alikaa humo karibu saa nzima kwa karatasi moja. Ameikunja mwenyewe, na nimeitia ndani ya bahasha hii bila kuifungua.

Mimi sikuombi unijibu upesi. Ukikasirika, kasirika mpaka umalize, haki yako. Nisalimie shemeji na watoto wote. Weka yangu pembeni sasa, soma ya mama.

Ni mimi,
mdogo wako