Zena Lazima Afe

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefungua robota la mapazia asubuhi. Mengi mazuri, machache yametoboka. Vumbi la soko la Gikomba leo halina adabu. Mteja wa kwanza alichagua pazia la kijani, kisha akanikazia macho. Eti, mimi ni dada yake Sudi? Nikamwambia mimi ni mkewe. Akacheka. "Wacha mchezo. Mke wa Sudi si Zena?"

Nikamfungia pazia lake. Sikumpunguzia bei.

Mume wangu anaitwa Juma. Ni seremala. Sudi ni mtu wa filamu tu. Naandika hapa ili pawe na mahali pamoja penye ukweli.

Jumatano, 3 Septemba

Kosa ni la kitanda. Wekesa, prodyuza, aliagiza kitanda cha kuigizia. Juma akakipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Mwigizaji wao siku hiyo hakutokea, Juma akavalishwa shati lake. Fundi mwenye hasira, na mke mpole wa kumtuliza. *Nyumba ya Sudi*. Ilikuwa iwe moja, iishe. Siku ya pili shati hilo nililipiga pasi mimi.

Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Sasa wanatengeneza ya nne. Kila mara Sudi, kila mara Zena, na mtaa wetu wote wa Shauri Moyo unajua Zena anapenda chai ya tangawizi.

Ndoa yangu na Juma haina sehemu ya pili wala ya tatu. Inaendelea tu, na hakuna anayeitazama.

Ijumaa, 5 Septemba

Juma aliniomba nimsomee maneno ya Zena ili yeye afanye mazoezi ya Sudi. Nikasoma. "Umechoka, mume wangu. Keti kwanza."

Akatikisa kichwa. "Polepole kidogo, Mama Halima. Zena hasemi hivyo."

Nilimtupia karatasi. Zena hasemi hivyo! Na mimi nasemaje? Anajua?

Nikampakulia wali bila mchuzi. Akala wote. Hakugundua. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 7 Septemba

Nilikwenda Kariobangi kuwaona wakipiga picha. Ghorofa ya pili, ngazi zimejaa watoto na akina mama wa jengo. Wanaita "Zena! Zena!" kana kwamba ni binti yao aliyerudi kutoka Saudia.

Jina lake hasa ni Leila. Nilitaka awe na kiburi. Hana. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita dada.

Kisha wakamaliza, kamera ikazimwa. Nasema tena, ilikuwa imezimwa. Akamfunga Juma kifungo cha shati kilichofunguka. Bila hata kuangalia, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Nilirudi kwa miguu. Sikumbuki njia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekaanga sambusa nikampelekea Wekesa ofisini kwake. Alifurahi, maskini. Nikamuuliza kwa nini asitunge filamu nyingine, na watu wengine.

Akaeleza kama mwalimu. "Mama Halima, mtu akitoka kazini amechoka. Hataki kujulishwa kwa wageni. Filamu mpya ni kubisha hodi nyumba usiyoijua. Sehemu ya nne, unaingia tu, viti unavijua." Na upande wake, wa fedha? Akacheka. Wenye kuweka matangazo, akiwatajia hadithi mpya, wanaangalia saa. Akitaja Sudi, wanamvutia kiti.

Basi nikaona mlango. Nikasema, polepole, kama Zena: "Na mtu wanayemjua wote akifa? Matanga hayakosi watu."

Akaacha kutafuna.

Ijumaa, 12 Septemba

Juma amerudi kimya. Hadithi imebadilishwa. Zena ataugua, atakufa. Wekesa anasema wazo lilimjia tu.

Nikasema pole. Nikageukia jiko nisionekane uso.

Nilifurahi. Naandika kama ilivyo. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamepiga picha za kifo leo. Juma hakula. Ameketi kwenye kochi na viatu miguuni, anaangalia ukuta.

Mwanamke mwenyewe yuko kwake Umoja, huenda anasonga ugali saa hii. Na mume wangu ni mjane sebuleni kwangu.

Nilidhani Zena akifa atatoka. Badala yake amehamia.

Jumamosi, 27 Septemba

Wametoa kionjo cha filamu jana, kimeenea kwenye simu. Zena kitandani, Sudi ameshika mkono wake. Basi.

Leo kabla ya adhuhuri, hodi. Mama Achieng wa nyumba ya tatu, na paketi ya sukari. Nyuma yake akina mama wengine. Mmoja ana majani, mwingine unga. Wamekuja kumpa Juma pole.

Mwanzoni walikuwa wanacheka. Wanajua ni filamu, si wajinga. Kisha Juma akatoka chumbani, wakamwona uso. Kicheko kikaisha.

Mama Achieng alifiwa na mumewe mwaka juzi. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilizungumzia. "Nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yananiuma. Nilikuwa nawaweka Sudi na Zena kwenye simu, wagombane, wapatane, mimi nikipika. Nikimaliza zote naanza tena. Sikutaka kitu kipya. Nilitaka wale wale."

Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Nikaenda jikoni. Nimewapikia chai waombolezaji wa mke mwenzangu, kwa sukari waliyoleta wenyewe. Tangawizi nilitia. Sijui kwa nini nilitia.

Jumanne, 30 Septemba

Wekesa alipita, anameremeta. Kionjo hakijawahi kutazamwa hivyo. Sehemu ya tano tayari ameiuza kwa maneno tu. Sudi ataoa tena.

Nikamuuliza nani.

Msichana mpya. Wasichana wanafanyiwa majaribio wiki hii. Wamejipanga ngazini kama foleni ya maji.

Jioni vijana wa kona walimpigia Juma kelele: "Niaje Sudi! Tumesikia unaletewa bibi mpya, mresh kabisa! Chagua poa!" Akawapungia mkono. Alikuwa anatabasamu. Si sana, lakini nilimwona.

Nimemzika mmoja, nimewafungulia mlango wengi. Zena angalau nilimjua. Nilijua mpaka namna anavyokunja shingo akikasirika. Hawa siwajui, na wana miaka ishirini na kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sehemu ya nne imeonyeshwa leo alasiri ukumbi wa mtaa. Watu mpaka madirishani. Nilikaa mbele na Juma, kwa sababu ni haki yangu.

Baada ya mazishi, Sudi anaingia chumbani. Halii. Anachukua leso ya Zena, anajifunga kiganjani, mara moja, mara mbili, anakaza fundo kwa meno.

Fundo lile nalijua.

Mwaka nilipofanyiwa upasuaji, nilizinduka nikaona leso yangu imefungwa kiganjani mwa Juma, fundo limelowa mate. Alisema hospitali hii vitu vinapotea. Hakuna mwingine aliyeona. Nilikuwa nimeitunza, mimi peke yangu, kama pete.

Na amewapa wote. Ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa leso yangu. Mama Achieng alipiga yowe.

Hasira kwanza. Ile ilikuwa yangu! Halafu nikamtazama Juma gizani. Hakuwa anatazama filamu. Alikuwa ananitazama mimi.

Sikujua tena nimwonee nani wivu. Nikalia na wenzangu.

Nje nilimkuta Leila peke yake kando ya ukuta. Watu wanamwambia pole kwa kufa, wanacheka, wanapita. Amerudi kusuka nywele Kariobangi. "Nilidhani nitazeeka na Zena, dada. Sijui nilikosea wapi."

Nilijua ni wapi. Sikusema. Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa baridi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi kwa Wekesa. Mikono mitupu safari hii.

Nikamwambia Sudi asioe. Mjane wa jana akileta msichana leo, akina mama wa Shauri Moyo watamchukia, na hawarudi tena. Aache amkumbuke Zena. Kumbukumbu ina picha. Arudi kwenye uchumba wao, siku walipokutana, ugomvi wa kwanza. Leila yupo, hajazeeka.

Akaniuliza: "Si wewe uliyesema afe?"

"Ni mimi."

"Na sasa?"

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikamjibu. Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa natania.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wasichana wa majaribio wameambiwa wasubiri. Leila ameitwa. Amenipigia simu akipiga vigelegele, hajui anamshukuru nani. Juma pia hajui. Nimefurahi kwa ajili ya Leila, robo tatu. Robo iliyobaki inafikiria uchumba. Katika uchumba watu hukaa karibu.

Nitakwenda kuwaona wakipiga picha. Si kila siku.

Jumapili, 26 Oktoba

Hakuna kazi leo. Tumekaa mlangoni tukimenya mihogo, Juma na mimi. Kuna mlango Pumwani anatakiwa kuutengeneza, bawaba zimekula mbao. Akaeleza bawaba nzuri na bawaba mbaya, skrubu fupi zinavyoharibu fremu, fundi aliyetangulia alivyokuwa mvivu. Alieleza mpaka mihogo ikaiva jikoni. Nilisikiliza yote; haya Zena hajawahi kuyasikia.

Mvua ikaanza. Tukaingiza viti ndani.