Boti ya Sidab na figo yangu

Ijumaa. Asubuhi palikuwa na baridi ya kutaka sweta, mchana jua zuri la Januari. Nimerudi nyumbani Bawshar, hapa Maskati, nanuka samaki hata baada ya kuoga, na mikono inaniuma kiasi kwamba naandika haya kwa kudonoa herufi mojamoja.

Leo nilimpeleka kaka yangu kuvua. Nilikodi boti nzima, tuwe peke yetu, kwa kisingizio cha kumfurahisha. Kweli nilitaka afurahi. Lakini nilitaka pia kumweka mahali ambapo akichoka kunisikiliza hawezi kuchukua ufunguo wa gari akaondoka.

Khalfan ndiye mkubwa wetu. Figo zake zimekufa. Kila baada ya siku moja au mbili anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na akirudi hulala kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Kabla ya maradhi, Ijumaa haikumkuta nchi kavu. Alikuwa akikodi boti na wenzake wa kazini, wakirudi wamebabuka na jua, kila mmoja na uongo wake kuhusu samaki aliyemponyoka.

Mimi nimepimwa. Figo yangu inamfaa.

Mume wangu anajua na ameridhia. Daktari ameeleza yote, mazuri na ya kutisha. Aliyebaki kukubali ni Khalfan mwenyewe, na Khalfan amesema hapana. Hakutoa sababu. Kila nikianzisha maneno, anainuka.

Mama hatukumwambia. Alijua mwanawe anaumwa, basi. Habari ya vipimo tuliiweka mbali naye, kwa sababu alishamzika Harith, mdogo wetu, aliyekufa kwa ajali ya gari, na toka siku hiyo tumekuwa tukimchujia habari kama chai.

Mipango yangu iliharibika jana. Mama alinisikia nikizungumza na nahodha kwenye simu.

"Na mie nnakuja," alisema.

Nikamwambia boti inarukaruka. Akasema yeye alivuka bahari kuja Maskati akiwa na mimba ya Khalfan, nisimtishe na boti ya matembezi.

Basi asubuhi tulikuwa watatu pale Sidab, kijiji cha wavuvi pembeni mwa mji. Nahodha ni mtu wa hapohapo, jina lake Said, mpole, Kiswahili hajui hata neno. Alimwita mama khalti, kama mpwa anavyomwita mama mdogo, akamshika mkono kumpandisha. Akamvisha jaketi la kuokolea juu ya baibui. Mama akajifunika kanga juu ya jaketi, akaketi kivulini na birika lake la chai na chapati, kama anayesafiri kwenda Salala, safari ya siku nzima.

Khalfan alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Tulitoka mpaka milima ikawa ya rangi ya moshi. Said alitupa vyambo nyuma, tukawa tunaviburura polepole. Hakuna kilichokula. Khalfan alikaa karibu na fimbo za kuvulia, mkono wa kushoto ameulaza pajani. Ndio mkono wanaoutumia kumsafishia damu, haruhusiwi kuukaza wala kubebea kitu kizito. Umevimba mshipa kama kamba chini ya ngozi. Nilijikuta nautazama huo badala ya bahari.

Mama alijifunika uso na kanga. Nikadhani amelala.

Nikaanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu wiki nzima, yakatoka ovyo. Nilimwambia kaka, daktari anasubiri jibu. Nilimwambia mimi si mtoto. Nilimwambia baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha, na sasa ananizuia nisifanye kitu kimoja tu.

"Sikukusomesha ili unilipe," alisema.

"Basi niambie sababu."

Injini ilikuwa inanguruma chini ya miguu yetu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Salma, mama amebakiwa na watoto wawili. Unataka sote wawili tulazwe siku moja, yeye akae nje ya mlango anangoja? Likitokea la kutokea, nani atakayemwendea kumwambia?"

Hilo sikuwa nimelipangia maneno.

"Kulazwa wapi?"

Mama alikuwa ameondoa kanga usoni. Hakuwa amelala hata kidogo.

Nilitaka kudanganya, naungama. Uongo ulikuwa ushafika mdomoni. Khalfan ndiye aliyemwambia. Alimweleza kwa upole, kama anavyomsomea kadi za mialiko ya shughuli: kwamba nimepimwa, figo yangu inafaa, kwamba madaktari watanipasua mimi watoe moja wamwekee yeye, na kwamba yeye amekataa, kwa hiyo mama asiwe na wasiwasi.

Mama alikunja kanga yake mara mbili, akaiweka mapajani.

"Mie hamjaniuliza," alisema.

"Tulikuwa hatutaki kukutia khofu, mama."

"Khofu nnayo. Nnaamka nayo, nnalala nayo. Mmenificha nini?" Sauti yake haikupanda. "Harith sikuulizwa. Nilipigiwa simu, nikaambiwa mwanao tayari. Sasa hili nnaweza kuulizwa, na nyie mnaninyima."

Khalfan alisema, "Mama, nisikilize..."

"Nisikilize wewe kwanza. Kukaa nje ya mlango kuwangojea wawili, nnaweza. Nitachukua tasbihi yangu nitakaa. Kumtazama mmoja anakwisha kidogokidogo, na dawa yake imekaa pembeni anajinyima mwenyewe, hilo siliwezi. Na usiseme ni kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma."

Khalfan aligeuka kutazama bahari. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikumwona kaka yangu akilia hata kwenye maziko ya Harith, alikuwa na kazi ya kutushika sisi.

Said alipunguza mwendo, akaniuliza kwa Kiarabu kama khalti anaumwa, arudi pwani. Kabla sijamjibu, mama aliinama ubavuni mwa boti akatapika chai yote. Nikamshika mgongo. Alipomaliza aliomba maji ya kusukutua, akamwambia Said hajambo, aendelee na kazi yake, watu wamekuja kuvua.

Said akaendelea kuburura vyambo.

Halafu fimbo moja ikapinda ghafla na mshipi ukaanza kukimbia. Khalfan aliidaka kabla Said hajafika, kama zamani. Aliikita tumboni, akaanza kuzungusha kwa mkono wa kulia. Nilimwona uso wake ukirudi kuwa ule ninaoujua. Kwa dakika chache hakuwa mgonjwa.

Kisha akaanza kuhema. Samaki alivuta, yeye akajisahau akautia mkono wa kushoto, nikapiga kelele, akautoa. Said alinyoosha mikono kumpokea. Khalfan akatikisa kichwa. Alisimama pale ameshika fimbo kwa mkono mmoja, mshipi unakwenda, jasho linamtoka, na mimi nikajua hataiachia, kwa ukaidi tu, mpaka samaki aende zake.

"Mpe mdogo wako," mama alisema.

Alinitazama. Akanipa.

Sikuwahi kuvua samaki maishani mwangu. Khalfan alisimama nyuma yangu ananielekeza: acha akimbie, sasa vuta, inamisha fimbo, zungusha, usimshindanie akiwa na nguvu. Mikono iliniuma mpaka begani. Said alipomtia ndoano ya mkono na kumwingiza botini, tukaona ni nguru, mrefu kama mguu wangu, anameta, anapigapiga sakafu. Mama alisema masikini, kisha akauliza kama ana mayai.

Sitaki kuandika kwamba samaki yule alimfundisha kaka kitu. Alichoka, basi. Njia nzima ya kurudi alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya mama, naye mama amemfunika miguu kwa kanga yake. Mtu mzima mwenye mvi.

Tulipofika, Said aliwapelekea jamaa zake nusu ya samaki, sisi tukaja kwangu na nusu. Mama alimkaanga mwenyewe, akakataa nisimsaidie. Khalfan alikula kipande kidogo, kile anachoruhusiwa, pole pole, akimumunya mpaka mifupa.

Nilipomsindikiza kwenye gari ndipo aliponiambia. Alikuwa tayari ameshafungua mlango.

"Waambie nimekubali."

Niliogopa nikisema neno atabadilika.

"Lakini siku hiyo mumeo akae na mama. Asimwache hata kwenda kusali, wapokezane na mtu. Na wewe, baada ya hapo, usinitazame tazame kama nimeazima kitu chako."

Nikamwambia sitamtazama. Akawasha gari, akaenda.

Sasa nyumba imetulia. Watoto wako sebuleni na baba yao, namsikia mdogo anabishana kuhusu katuni. Miezi yote hii nimekuwa nikipigania neno moja, nimpate kaka, nimkabe, akubali. Sikuwa na nafasi ya kufikiria jengine. Leo amekubali, nimekaa kitandani, nimeweka mkono ubavuni, pale daktari aliponionyesha watakapokata.

Nami nimeanza kuogopa. Kwa mara ya kwanza.

Sibadilishi nia. Jumapili, mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi yakiisha na ofisi zikifunguliwa, nitawapigia simu hospitali, nitawaambia tuko tayari, na sauti yangu nitaikaza. Leo na kesho, Mola anisamehe, niacheni niogope.