Spana Isiyo na Pete ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Ukaguzi wa kawaida wa ile ndege kubwa umekwisha. Mkwe wangu alipewa mkia. Aliingia humo akiwa safi, akatoka ametapakaa grisi hadi masikioni. Fundi akirudi safi, mimi huwa na wasiwasi.

Jioni nilisimama mbele ya ubao wa zana. Kila kifaa kina umbo lake lililopakwa rangi nyekundu pale kinapotundikwa. Nyekundu ikionekana, kuna kitu kimebaki mahali, na hatoki mtu. Mwezi uliopita fundi wa magurudumu alipoteza bisibisi. Nilimsimamisha pale mbele ya wenzake wote mpaka ikapatikana — mfukoni mwake mwenyewe! Hajapoteza tena. Hiyo ndiyo nidhamu.

Leo hapakuwa na nyekundu. Nikatia saini kwamba ndege iko tayari kuruka. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba leo Nukta katuachia mapema, labda anaumwa. Nukta ni mimi. Wanadhani sisikii.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilichukua spana ubaoni ili nikaze mguu wa meza yangu. Haikuwa na pete ya njano mpinini. Zana zetu zote zimepakwa pete hiyo. Spana hii niliijua kwa namna nyingine: niliinunua mimi, nikampa mkwe wangu siku aliyofuzu ufundi.

Nikatazama nje. Maegesho yalikuwa matupu. Ndege ilikwisha kuruka.

Mkwe alikuwa akinywa chai na wenzake. Nilimwonyesha ile spana. Akaweka kikombe chini polepole.

"Nilitafuta, baba." Kazini huniita mzee. "Nilidhani imebaki kwenye toroli. Nikasema nitaipata asubuhi kabla ndege haijatoka. Wakaitoa mapema."

"Ukaziba pengo kwa ya kwako."

"Nikaziba."

Nilikimbia hadi kwa meneja — mimi, na magoti haya! Akauliza kama nina uhakika. Kumrudisha rubani akiwa njiani si mchezo. Nikamwambia spana imo mkiani, kwenye kebo zinazogeuza usukani, na wakati tunabishana inazidi kusogea. Akanyanyua simu.

Tukasubiri. Mafundi walijipanga nje ya hanga, banda la ndege, macho angani. Mkwe alisimama peke yake, mikono kichwani. Sikumwendea.

Ndege imetua salama. Abiria walishuka wakilalamika. Mama mmoja alifoka kwamba harusi ya mdogo wake itampita, na nani atamweleza bibi harusi? Foka, mama. Foka sana.

Tulifungua mkia. Spana ilikuwa imelala kando ya kebo, pete yake ya njano imekwanguka nusu. Kebo nayo ina mikwaruzo mipya. Rubani, mwanamke mtulivu, aliipima uzito mkononi. Akauliza kama hii ndiyo iliyokuwa ikigonga.

Nikamwonyesha mikwaruzo kwenye kebo.

Jumatano, 6 Machi

Mkwe amesimamishwa kazi. Kesho kutwa kamati ya uchunguzi itatusikiliza.

Meneja alifunga mlango, akanivutia kiti. Akasema nieleze tu kwamba fundi alinidanganya, mambo yataishia kwake. Atanyang'anywa leseni, nami nitastaafu kwa heshima mwezi ujao kama ilivyopangwa. Ni kweli alinidanganya. Sihitaji kuongeza neno hata moja.

Nilipokuwa nikiinuka akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini mkwe hakuniambia. Si nilikuwa pale pale ubaoni?

Nilijibu kwamba woga si udhuru.

"Woga wa nini, mzee?" akasema.

Nikatoka.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu alikuja mchana. Hakulia, katika hilo amenifuata mimi. Hakuniomba nimtetee mume wake. Alikaa, akakitazama kikombe changu cha buluu, kile nilichopewa na marehemu mama yake tulipooana. Sinywi chai katika kingine.

"Baba, hicho sicho."

"Sicho nini?"

"Kile cha kwanza nilikivunja nikiwa darasa la nne. Mama alizunguka maduka yote mpaka akapata kinachofanana nacho. Tukakiweka kabatini kabla hujarudi."

Nilimwambia kikombe si ndege.

"Sijasema ni ndege. Nasema tulikuficha. Hata mama."

Akaosha vyombo, akaondoka. Kikombe alikiosha mwisho, kwa uangalifu mno. Nimekigeuza na kukigeuza. Miaka yote hii! Sioni tofauti yoyote.

Nimejaribu kuandika maelezo ya kesho. Sentensi ya kwanza: Fundi alificha upotevu wa kifaa. Ni sahihi, na sitaifuta, watu wangekufa. Sentensi ya pili inapaswa kusema alimficha nani, na kwa nini. Nimeianza mara kadhaa. Kila mara inaanza na mimi.

Jioni. Kuna mtu nje. Nakijua kikohozi hicho — ni mkwe. Kwa kawaida hupiga hodi tangu getini, mtaa mzima ukajua kafika. Leo amesimama tu. Naona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Kinasogea. Kinarudi.

Nimemimina chai katika vikombe viwili. Cha buluu nimekiweka upande wake.

Bado hajabisha. Naweza kukaa hapa mpaka abishe, kama ninavyosimama pale ubaoni nikingoja mtu aje. Mlango sijaufunga kwa komeo. Au yeye hajui —

Viatu vinageuka kuelekea getini. Naweka kalamu chini.