Nilimkaribisha Jangwani kwa Mdomo Tu, Akakubali

Mpendwa Bi Rawhiya,

Naomba unisaidie, na ukiona nastahili kukaripiwa basi nikaripie kwanza ndipo unisaidie, maana tangu juzi chakula hakinipiti na mume wangu kila saa ananiuliza nina nini, nami namwambia ni presha, kumbe presha yenyewe nimejipandisha kwa mdomo wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Shubra hapa Kairo, na maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu habari za Jangwa la Magharibi, nimewachorea oasisi za Bahariya na Farafra ubaoni mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani, lakini mwenyewe sijawahi kuukanyaga mchanga wake hata kwa kidole, kila nikitaka kwenda inakuja mitihani, ikiisha mitihani inakuja harusi ya mtu, ikiisha harusi magoti. Mwaka huu nikasema potelea mbali, naenda.

Kuna rafiki yangu nitamwita Jihani (majina yote nimeyabadilisha), tumejuana bwawani kwenye mazoezi ya wenye magoti mabovu, mwanamke nadhifu, kasafiri, ana gari refu la kupandia michanga aliloachiwa na marehemu mumewe, yeye ndiye aliyesema twende wiki nzima, tukawa tunapanga jioni baada ya jioni kwenye meza yangu ya kulia na ile ramani yangu ya zamani ya darasani: tulale Bawiti tukaoge maji ya moto, tupite Jangwa Jeusi, tupige hema Jangwa Jeupe tuamke katikati ya yale mawe yaliyosimama kama uyoga, halafu Farafra, halafu Dakhla tukaone mji wa udongo, turudi. Mwongozaji wetu, Abdulmaula wa Bawiti, akatuambia kwa simu, "Njooni na nguo nzito na roho nyepesi, mengine niachieni mimi." Nilikuwa na furaha, Bi Rawhiya, furaha ya kitoto, usingizini nilikuwa naota ngamia.

Sasa ndipo nilipoharibu. Ghorofa ya chini yangu anakaa Fikriya, Mama Hisham, tumekaa naye jengo moja tangu tukiwa maharusi, ndiye aliyenilelea Marwan wangu nilipokuwa kazini, mumewe kafariki mwaka jana na mwanawe wa pekee, Hisham, anafanya kazi Kuwaiti, mtu mwema hana mfano, lakini ana sauti, huyo akikusalimia ngazini mpaka mwuza mboga wa barabarani anaitikia, na kitunguu saumu ndiyo manukato yake. Siku hiyo alipanda kunirudishia chekecheke langu akaiona ramani. "Kheri, Mama Marwan, umerudi shuleni?" Nikamweleza habari ya safari, na kwa kuwa huwezi kumtajia mtu safari usimkaribishe, utaonekana mtu wa namna gani, nikamwambia twende wote.

Si unajua sisi. Ule mwaliko tunaouita wa mashuani, wenye mashua wanapita katikati ya Nile wanakula, wanamwona mtu kaketi ukingoni wanampigia kelele karibu tule, na mashua hiyooo inakwenda zake. Anayekaribisha anaapa, anayekaribishwa anakataa, wote wawili wanabaki na heshima zao. Nami nikafuata desturi.

"Twende wote, Mama Hisham."

"Mungu awazidishie, mpenzi."

"Wallahi twende, utaniudhi."

"Mimi na majangwa wapi na wapi, na kiuno hiki?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, safari haitakuwa na ladha bila wewe."

Hapo ilibaki aseme nendeni salama mniletee tende. Akalikung'uta lile chekecheke ingawa lilikuwa safi, akasema, "Basi nakuja."

Nikacheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Tangu hapo ikawa simu kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, "Inshirah, nge wa huko wanaamka saa ngapi?" na "Inshirah, kuna choo au tunajificha nyuma ya jiwe?" na "Huyo Abdulmaula anakula chakula chetu au nimpikie chake?" Akaoka biskuti kavu za kulisha kikosi, akatia ndimu kwenye chumvi, akanunua viatu vya turubai kama mwanafunzi, akashona mablanketi mawili ya kujaza pamba, kitambaa kimoja, maua ya zambarau, akasema moja lako moja langu, huko tulale kama mapacha. Nami kila akinionyesha kitu nasema mashallah na kuangalia pembeni.

Nilipomwambia Jihani akaweka kikombe chini. "Yule mama anayeongea kama mwenziwe yuko ng'ambo ya mto? Wiki nzima? Haya, amua wewe, Inshirah." Hakusema hamtaki, na gari lina nafasi, sitakudanganya, sisi ni wawili tu na lile gari linabeba watano. Mimi ndiye niliyeanza kuwaza Fikriya anamenya kitunguu mbele ya Jihani, anamuuliza mumewe alikufa na ugonjwa gani, anapiga vigelegele akiona ngamia, nikaona haya. Nilimwonea haya mtu aliyemwogesha mwanangu.

Basi nikashuka nikamwambia safari imevunjika, mwongozaji kaumwa kifua vibaya, na waongozaji wengine hatuwaamini. Akajishika kifua yeye. "Maskini mtoto wa watu! Ana mke wa kumwangalia?" Akasema tutakwenda akipona. Kesho yake akapanda na chupa ya asali aliyoichanganya na habasoda, akasema nimpelekee Abdulmaula kwa basi la Bawiti, kijiko kimoja kabla ya kula, na asinywe maji baridi. Chupa hiyo iko juu ya friji langu mpaka leo, kila nikienda kuchukua maziwa nainamisha macho.

Juzi niko foleni ya mkate nikamwona Hisham, nikashangaa, kaja lini huyu? Akanibusu kichwa, akasema, "Nimekuja kumchukua mama, Mama Marwan. Anahamia kwangu moja kwa moja. Nilitaka aje tangu mwezi uliopita akagoma, akasema hatoki Misri mpaka aende jangwani na wewe, na akanikataza nisikwambie, eti utamwonea huruma. Sasa kwa kuwa mwongozaji anaumwa, nimekata tiketi. Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Nyumba imeshapata mpangaji." Watu wakanipita foleni nisijue, nikarudi nyumbani bila mkate. Safari yangu na Jihani ni Jumamosi inayofuata, siku mbili tu baada yake kuondoka.

Nifanye nini, Bi Rawhiya? Nimwambie ukweli, aende ugenini na donge kooni, au ninyamaze, aondoke akijua kuwa nilimpenda? Maana nampenda, hilo si uongo. Dada yangu anasema ninyamaze, akishapanda ndege yameisha. Lakini kila jioni namsikia kule chini anafunga masanduku, na anaimba, na sauti ile niliyoionea haya ndiyo nitakayoikosa.

Mimi,
Mwalimu wa Shubra


Mwalimu wa Shubra,

Barua yako nimeiomba itangulie za wenzio, maana Alhamisi haingoji gazeti. Umeomba kukaripiwa kwanza. Haya, kaa vizuri.

Umemdanganya mtu aliyemwogesha mwanao, kwa ajili ya kumpendeza mtu mliyejuana bwawani mkiwa mmevaa kofia za mpira. Mama yako umemtoa kaburini aje ashuhudie mwaliko wa uongo. Abdulmaula wa watu, ambaye hana hata mafua, umemlaza kitandani. Na usimtupie Jihani lawama, yeye kaweka kikombe chini tu, miguu iliyoshuka ngazi kwenda kusema uongo ilikuwa yako, na magoti hayo hayo mabovu. Mwanamke mzima, mwalimu, unatishwa na gari refu! Majuto ni mjukuu, wewe wako umemzaa, umemnyonyesha na sasa unamtafutia shule.

Nimemaliza. Sasa pole, na pole hii ni ya kweli, kwa sababu naona unavyoumia, na hapa mjini hakuna asiyewahi kumwambia mtu karibu chakula huku akiomba kimoyomoyo asikae.

Lakini kuna jambo hulioni, nami nastaajabu, maana umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Unadhani Fikriya hakuelewa? Mwanamke wa Kairo, aliyekula chumvi, aliyekataa mialiko ya ngazini tangu ujana wake, asiujue mwaliko wa mashuani? Alijua, mama. Alijua ulipomkaribisha mara ya kwanza, alijua mara ya pili, na ya tatu akakung'uta chekecheke lisilo na kitu huku akiamua. Alikwisha jua kwamba mwanawe anamtaka Kuwaiti. Aliiona mashua inapita, akajua nyingine haiji, akavua viatu akaingia majini. Kwa mtu ambaye hajawahi kukuomba chochote, ile ndiyo namna pekee aliyokuwa nayo ya kuomba. Alitaka kuagana na wewe wiki nzima, si pale ngazini huku masanduku yanashushwa.

Na huo ugonjwa wa kifua, sijui kama aliuamini. Mimi nisingeuamini. Labda asali aliileta kwa moyo mweupe, labda aliileta ili akupe nafasi ya kusema, akasimama mlangoni na chupa mkononi akingoja, nawe ukaipokea ukaiweka juu ya friji. Hilo utalijua ukimwuliza. Ndiyo maana shauri la dada yako silitaki. Kama anajua, kunyamaza kwako hakumwondolei kitu, kunamfanya abebe peke yake mpaka Kuwaiti. Kama hajui, siku Hisham atakapoona picha zako umesimama kwenye mawe meupe Jumamosi ile, mama yake atajua, na wewe hutakuwepo kujibu.

Sasa sikiliza. Shuka leo. Usibebe sinia la keki tamu ya basbusa, anayekuja na basbusa anataka asamehewe kabla hajasema neno. Beba ile chupa. Mwambie Abdulmaula ni mzima, mwambie ulimwonea haya yeye, tumia neno hilo hilo usilitie sukari, na jina la Jihani lisikutoke. Akipaza sauti jengo zima likasikia, mwache, ana haki ya kusikika. Akilia, kaa. Akinyamaza, kaa vilevile.

Ukishasema, ndipo umkaribishe jangwani upya, na safari hii useme mara moja tu. Usiape. Sema, funga mdomo, ungoje jibu. Akikubali, nenda kwa Hisham umwombe asogeze tiketi, atanung'unika kidogo kisha ataisogeza, watoto wetu ndivyo walivyo. Jihani mpigie umwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, na kama gari lake limekuwa dogo ghafla, kuna basi la Bawiti ambalo wenye nchi wote wanapanda, na Abdulmaula atawapokea stendi akiwa na afya tele. Mablanketi mnayo. Biskuti mnazo. Na huyo mwenye sauti akipiga vigelegele mbele ya ngamia, piga naye.

Akikataa, usimbembeleze, umeshamtesa vya kutosha kwa adabu zako. Futa safari ya Jumamosi. Alhamisi shika sanduku lake moja mpaka uwanja wa ndege, na jangwa lingoje, limekungoja tangu ulipokuwa unalichora kwa chaki.

La mwisho. Utakapogonga mlango atafungua, na hata kama anajua yote, hata kama macho yamemvimba, najua atakachokwambia, maana mtu wa namna yake hajui kusema kingine. Atasema pita ndani, chai iko motoni. Usijibu kwamba umeshakunywa, usingoje akuapie. Huyo tangu mwanzo akikukaribisha anakukaribisha kweli. Pita.

Bi Rawhiya