Mama Hakuipitisha Sindano Ile

Mama, mwaka umezunguka tangu ulipotuacha, na tukikaa kula bado tunauacha wazi upande wako wa meza.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwa dawa. Shangazi alipokuja na chupa yake, eti imemponya jirani, ulimmiminia chai ukamuuliza taratibu, "Wifi, na waliokunywa wakafa, nani anawahesabu?" Akanuna. Ulimtania mpaka akacheka, ila chupa hukuigusa.

Kazini ulikuwa hivyohivyo. Jopo la mwongozo wa tiba likiletewa utafiti, wewe ndiye uliyeusoma wote na kuupa daraja: ushahidi wa nguvu, wa kati au hafifu. Wenzako walisoma muhtasari tu, tena ndani ya lifti.

Ile sindano ya wajawazito uliipa "hafifu mno". Wanawake wote kwenye utafiti walichomwa, hapakuwa na wa kuwalinganisha nao. Mwenyekiti, yule bwana wa tai na manukato, akakwambia, "Dokta, mimi nimewachoma wengi na wamejifungua salama." Uprofesa wote ule, hoja ndiyo hiyo! Wengine wakaitikia kwa vichwa, biskuti mdomoni. Uligoma kusaini. Ulifika nyumbani, ukavua viatu, ukasema, "Hawa watu wananichosha."

Msibani walikuja na nyuso za huzuni, wakausifu umakini wako. Hata kaburi halijakauka, wakaipandisha sindano hadi "ushahidi wa nguvu", wakachapa mwongozo, na ukurasa wa kwanza wakabandika picha yako: "Kwa heshima ya marehemu, aliyepima ushahidi huu." Hata haya hawana!

Tulijua kupitia kwa mkweo, mke wa mwanao mkubwa, alipokuwa mjamzito. Nesi wa kliniki alimfungulia ukurasa ule: "Usiogope, mdogo wangu, hii kaipitisha mama mkwe wako mwenyewe." Akashuka kitandani, akarudi nyumbani analia.

Basi waheshimiwa wa jopo, tunajua mnalisoma tangazo hili. Mama hakuipitisha. Toeni picha yake, futeni jina lake. Kama lazima muwachome wake za watu kwa kubahatisha, wachomeni kwa majina yenu.

Wanakukumbuka mumeo, wanao, wifi yako, mkweo, na mjukuu wako, aliyezaliwa mzima bila sindano yao. Tunajua, mama, mtoto mmoja si ushahidi. Lakini ni mzuri jamani, na tungetamani umbebe.

Hatutakusahau kamwe.